Tanuru Nyuma ya Darasa la Sita

Mwalimu mpya alipoletwa shuleni kwetu nilimpokea vizuri, nikampelekea hata kuku. Alikuwa kijana wa Ibaba, kutoka milimani, ametoka chuoni karibuni na viatu vyake vinalia kila anapokanyaga. Mimi nilikuwa nimefundisha historia katika shule ile ya kati kwa miaka saba, peke yangu, na nilijiona bingwa. Mwalimu mkuu alipomkabidhi yeye darasa la sita na kuniachia mimi la tano na la saba, nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Nilianza kumsikiliza kupitia ukutani. Mimi nilifundisha kama kitabu kilivyotaka: wafalme wa Uingereza kwa mfululizo, kisha wasafiri, kisha vitu ambavyo wageni walileta nchini, yaani nguo, chuma na barabara. Niliviandika ubaoni kila mwaka kwa mwandiko mzuri. Yeye siku ya kwanza aliwauliza vijana, "Waliokaa hapa kabla ya babu zenu walikula nini? Walimwogopa nani? Walidhani jua linalala wapi?" Nikasikia madawati yanagongana kwa jinsi walivyokuwa wanagombania kunyoosha mikono. Kwangu mikono ilinyooshwa kuomba ruhusa ya kwenda nje.

Hilo ningelivumilia. Lakini Jumatatu moja nilitoka ofisini nikamwona baba yangu mzazi anakatiza uwanja wa shule, amevaa koti lake la kanisani, kofia mkononi, na yule mwalimu yuko ubavuni pake anacheka naye. Hakuna aliyenieleza neno. Walinipita kwa salamu fupi, wakaingia darasa la sita.

Ujanani mwake baba alikuwa myeyushaji wa chuma. Kwenye mteremko ulio juu ya nyumbani kwetu, si mbali na njia ya kwenda Mbozi Mission, bado yalikuwapo matanuru matatu ya udongo, marefu kuliko mtu, yameinama, mbuzi wanayapanda. Kazi ilikufa majembe ya madukani yalipozidi. Nilipokuwa mtoto nilimuuliza habari zake, akaniambia nikikua nitajua. Nilikua, nikaenda shule, nikawa na mambo yangu. Nilipomuuliza tena, nikiwa tayari mwalimu, alinijibu, "Kaulize kitabu chako." Nilidhani ananitania.

Sasa nilikuwa darasa la saba, chaki mkononi, sikio ukutani. Baba alisema kwa Kinyiha, lugha yetu, na vijana wakamtafsiria yule wa Ibaba. Aliwaambia tanuru ni bibi harusi, hupambwa kabla ya kuwashwa, na chuma ni mtoto wake. Aliwaambia tanuru likijengwa vizuri halihitaji mivukuto ya kupulizia, linavuta upepo lenyewe kwa mirija ya udongo iliyo chini. Aliwaambia wayeyushaji hawakulala kwa wake zao mpaka mtoto azaliwe, na vijana wakaangua kicheko, na baba, mzee wa kanisa, akacheka nao. Miaka thelathini na minne nimekula naye ugali, sikuwahi kusikia hata moja la hayo. Niliona wivu. Wanafunzi wangu waliuliza kama waendelee kunakili, nikawaambia waendelee.

Wiki ile zamu ya kengele ilikuwa yangu. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori, imening'inizwa kwenye mkaratusi. Nilitazama saa. Dakika kumi na mbili zilikuwa zimebaki. Nikatoka, nikachukua nyundo, nikaigonga kwa nguvu zangu zote. Vijana wakatoka wananung'unika. Baba alitoka wa mwisho, akatazama jua, akanitazama mimi, akavaa kofia yake akaenda zake.

Nilidhani yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yalianza. Kesho yake alirudi, na keshokutwa, na siku iliyofuata. Nyuma ya darasa la sita walikuwa wanajenga tanuru dogo la kufika kifuani, kwa udongo wa kichuguu. Vijana walibeba mawe mekundu kutoka mlimani kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona walipokuwa wanabeba maji yangu. Mmoja wao, kijana wa kijiji cha Mpemba, aliyekuwa na matope mpaka viwikoni, baba alikuwa anamwita "mwanangu". Nilipita pale mara tatu kwa siku, najifanya naenda chooni, na mara zote nikalisikia neno hilo. Lilinichoma.

Ijumaa mchana shule nzima ilitoka kwenda kuona likiwashwa. Baba alisimama karibu na tanuru ameshika kigae chenye kaa la moto. Hakuwasha. Alisema bibi harusi hapendi watu wenye vinyongo. Wakiwapo, chuma hukataa kuzaliwa, yanatoka mavi ya chuma matupu. Ndivyo walivyofanya wazee, kila mara, kabla ya moto.

"Mwenye kinyongo aseme sasa," alisema, "halafu asogee."

Vijana walicheka, kisha wakaanza. Mmoja alisema rafiki yake alimvunjia kalamu akakana. Mwingine alisema amechoka kuitwa Kichwa Boga. Yule mwalimu wa Ibaba akasema ana kinyongo na mwalimu mkuu kwa kupewa nyumba inayovuja, na mwalimu mkuu akacheka, akaahidi nyasi. Kila aliyesema alisogea. Halafu wasemaji wakaisha, na bado baba hakuwasha. Alikuwa anapuliza kaa lake polepole lisizimike, hamtazami mtu yeyote. Nilijua ananingoja mimi.

Nilisema kwa Kinyiha, ili yule wa Ibaba asielewe. "Baba, nina kinyongo na wewe na mwalimu huyu. Mimi ndiye niliyezaliwa nyumbani kwako, na hawa umewapa kila kitu. Jumatatu niligonga kengele mapema ili unyamaze."

Kijana wa Mpemba akamtafsiria mwalimu wake neno kwa neno, kwa sauti ya kutosha shule nzima.

"Najua," baba alisema. "Jua lilikuwa bado pale." Akaonyesha kwa kidole mahali lilipokuwa Jumatatu. Kisha akashusha mkono. "Na mimi ninacho changu. Mwaka juzi mtoto wa dada yako alinikuta shambani na daftari lake. Akanisomea kwamba chuma kililetwa nchini humu na wageni. Nikamuuliza, nani kasema? Akaniambia, kasema mjomba, kaandika ubaoni."

Akapuliza kaa.

"Siku ile nilikuwa nalima kwa jembe nililolizaa mwenyewe. Nilikuwa nimelishika hivi."

Nilitaka kusema kwamba kile kilikuwa kitabu, si mimi. Neno lilinifika mdomoni nikalimeza, kwa sababu mwandiko ulikuwa wangu. Nikasema tu, "Nimekosa, baba." Hilo kijana wa Mpemba alilitafsiri taratibu.

"Basi," baba alisema. "Sogea."

Akawasha. Moshi ulitoka kwanza mzito, halafu tanuru likaanza kuvuta upepo lenyewe, kwa sauti ya chini, kama alivyowaambia. Vijana walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja na kikapu chake cha mkaa, wakingoja kulilisha. Nilichukua kikapu nikaenda moja kwa moja mbele, kama mwalimu, kama mtoto wa mwenye kazi. Baba akanionyesha kwa kidevu mwisho wa mstari. Nikarudi nyuma kabisa, nikasimama nyuma ya kijana wa Mpemba, aliyenitangulia kazini kwa siku nne.