Siga Tamu ya Mativo

Mwanangu Wakoli alinyamaza katikati ya neno.

Alikuwa anataka kusema "tamu." Akafika "ta," akaishia hapo.

Ilikuwa mchana mweupe, Jumamosi, hapa Kayole. Redio ya jirani inaimba. Watoto chini wanapiga mpira ukutani. Na mwanangu, mwanamume mzima wa kifua kipana, kichwa kimemwangukia kifuani kama kuku aliyevunjwa shingo.

Siga bado inawaka vidoleni mwake.

Ngojeni niwaeleze kutoka mwanzo.

Mimi ni Nerima. Wajukuu wananiita Kukhu, majirani wananiita Shosho, naitika yote. Naishi na Wakoli, kitinda mimba wangu. Ana lori la kupeleka mbuzi machinjioni Kiamaiko. Lori hilo ndilo unga wetu, ndilo karo, ndilo dawa ya magoti yangu. Ufunguo wake hautoki kiunoni mwake. Hata akilala, amelala nao.

Kazi anafanya na rafiki yake Patrobas. Huyo Pato amekula kwangu tangu ndevu hazijaota. Ananiita Mama. Nikipakua na yeye hayupo, nauliza yuko wapi.

Sasa siku moja Pato akaja na habari.

"Mama, kuna jamaa anaitwa Mativo. Analeta siga."

"Siga ndiyo nini?"

"Zile sigara nene za matajiri. Lakini hizi ni za bei ya mwananchi, na utamu ni uleule. Tukizipenda, tutaziuza kwa mabaa ya Donholm."

"Na mimi naingia wapi?"

Akacheka. "Si wewe ndiye daktari wa tumbaku? Utuonjee."

Hapo alinipata. Mimi nimezaliwa Malakisi. Tumbaku tumeipanda, tumeichuma, tumeitundika bandani mpaka ikawa rangi ya asali. Shule niliachia darasa la sita, lakini jani nalijua. Siku yenyewe nikafunga kitambaa kipya kichwani kama naenda harusini.

Nilikuwa jikoni nilipowasikia Pato na mgeni wake wakipanda ngazi. Mlango ulikuwa wazi.

"Mchele umetosha?" Pato anauliza.

"Umetosha na kubaki."

Nami kwa uchangamfu wangu nikapaza sauti: "Mchele upo, wanangu! Nimeshauosha!"

Kukawa kimya kwenye ngazi.

Kisha wakacheka wote wawili. Kicheko kirefu kuliko jambo lenyewe.

Nikadhani wanacheka uzee wangu.

Mativo alikuwa kijana nadhifu. Shati jeupe, viatu vinang'aa, marashi yanaingia kabla yake. Akanipa mikono yote miwili.

"Shosh, nimeskia we ndio mtaalamu."

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega."

"Mgeni wangu namkaribisha kwa moto, ananiaga kwa majivu."

Akafungua kisanduku polepole. "Si ndiye huyu hapa?"

Nikampenda. Mungu anisamehe, nilimpenda.

Siga zilikuwa zimelala juu ya kitambaa cha buluu kama watoto mapacha. Zote zimeshakatwa vichwa. "Nimewakatia tayari," akasema, "msisumbuke na visu." Akatugawia mmoja mmoja, kila moja ameishika kwa leso. Nikaona ni adabu.

Yangu ilikuwa nyembamba. Nikainusa. Nikaizungusha karibu na sikio, maana jani lililokauka kupita kiasi hulia kama gazeti. Hili lilinyamaza. Laini, lina mafuta yake, limeviringwa bila pengo. Nikatafuta kosa, nikalikosa.

"Mkulima wa hii si mvivu," nikasema. "Na wewe mbona huna yako?"

"Kifua, Shosh. Daktari amenikataza."

Mpishi asiyeonja mchuzi wake! Wazo hilo lilinipitia kichwani kama nzi, likatokea upande wa pili.

Wakoli alikuwa ameshawasha, anatoa moshi kama garimoshi. Pato anaizungusha yake vidoleni, anaisifia harufu.

"Mama, hebu onja, tusikie hukumu," Wakoli akasema.

Hapa lazima niwaeleze jambo la kwetu, vijana mnaweza msilijue.

Wanawake wa rika langu hatuvuti kama wanaume. Zamani kuonekana na moshi mbele ya baba mkwe ilikuwa aibu, na huko shambani upepo nao unazima. Kwa hiyo bibi zetu walitufundisha kugeuza. Moto unauingiza mdomoni, upande wa baridi unabaki nje, unafunga midomo. Anayekuona anadhani umeuma kijiti. Msicheke. Ulimi unajifunza mahali pa kukaa.

Nikaenda dirishani, nikawapa mgongo, kwa sababu sivuti nikimtazama mwanangu usoni. Nikawasha kibiriti, nikakigusisha ncha ya siga, nikaipuliza mpaka ikashika. Nikageuza. Nikafunga midomo.

Jameni, ilikuwa tamu.

Kwanza karanga za kukaangwa. Halafu sukari nguru. Halafu, nyuma kabisa, harufu ya udongo mvua ikianza. Haikunikwaruza koo hata kidogo. Nikageuka kuwapa hukumu yangu, kwamba kwa bei hiyo hakuna tajiri wa kuijua tofauti.

Ndipo Wakoli akasema "ta."

Pato naye papo hapo akaegemea kochi, mdomo wazi, akaanza kukoroma.

Mayowe yalikuwa yamefika kooni. Lakini nikamtazama Mativo kwanza.

Hakushtuka.

Alikuwa anajifuta vidole kwa ile leso, kimoja baada ya kingine. Akaenda mlangoni, akasukuma komeo taratibu, kama mwenye nyumba anayejiandaa kulala.

Na hapo neno likanirudia. Mchele.

Mchele wa huku kwetu si wa sufuria peke yake. Ni ile dawa watu wanawekewa kwenye vinywaji baa, wanalala, wanaibiwa, na wengine hawaamki tena. Nalijua hilo kama kila mtu wa mtaa huu. Ila nilikuwa nimeshika sufuria, nikasikia mchele, nikafikiria wali.

Nikaketi kwenye kiti kilicho karibu, nikaacha shingo ilegee, nikafumba macho.

Moto ukiwa mdomoni.

Kuutoa siwezi, ataona. Kukohoa siwezi. Majivu yanajikusanya juu ya ulimi, joto linapanda kwenye kaakaa, machozi yananitoka chini ya kope. Napumua kwa pua, polepole, kama maiti inayojifanya.

Nikamsikia anapiga simu.

"Leta dereva chini. Wamelala wote. Huyu wa lori nimempakia nyingi kwa siga yake, ni mtu mkubwa... Akikosa kuamka? Hiyo si shida yangu."

Nikatega sikio kwa mwanangu. Pumzi yake ilikuwa inakuja. Inakawia. Inakuja. Inakawia zaidi. Kila ikikawia, mimi nilikuwa nakufa.

Nikasikia ufunguo ukilia kiunoni mwa Wakoli, unachomolewa. Nikajiambia, chukua lori. Chukua hata nyumba. Toka tu, nimpate mtoto wangu kabla pumzi haijasahau njia.

Hakutoka.

Viatu vikaja, vikasimama mbele yangu. Marashi yakanijaa puani.

"Shosh alilala hata hajawasha," akacheka kidogo.

Akainama. Nikahisi anakitazama kile kipande kilichochomoza midomoni mwangu, pale alipokata yeye mwenyewe.

"We!" akanong'ona. "Mbona dawa iko huku nje?"

Akanyoosha mkono.

Nikafumbua macho, nikaichomoa siga, nikamgandamizia moto nyuma ya mkono kwa nguvu zote za kupura maharagwe.

Kilio alichotoa kilinyamazisha redio ya jirani.

"Woi! Pato! Pato, si ulisema huyu mzee atalala!"

Na mkoromo wa Pato ukakatika.

Ghafla. Kama waya umechomolewa ukutani.

Nikamtazama. Macho ameyafumba, kope zinacheza. Siga yake iko juu ya mkono wa kochi, nzima, haijaguswa na moto wala mdomo.

"Pato," nikamwita. "Mwanangu. Wakoli anakufa. Njoo unisaidie kumshika."

Hakusogea.

"Pato, nakuomba."

Akaanza kukoroma tena. Polepole, kwa kupima, kama mtu anayekumbuka wimbo.

Ndugu zangu, nimezika mume. Nimezika watoto. Sijawahi kusikia baridi kama ile.

Mativo alifungua komeo mwenyewe, akatimka, ufunguo ukaanguka mlangoni. Kwenye ngazi akapishana na Qamar, mama wa duka la chini, aliyekuwa anapanda mbio kwa kile kilio.

"Mama Wakoli! Kuna nini?"

"Mtoto wangu! Ita watu!"

Qamar akaita kwa sauti ambayo nadhani ilifika mtaa wa Masimba. Wanaume wakajaa chumbani, wakambeba Wakoli kwa shuka. Wawili wakamwendea Pato, wakamshika miguu.

"Na huyu naye, maskini," mmoja akasema.

"Huyo muacheni," nikasema. "Huyo hajalala."

Wote wakageuka kumtazama. Ikapita pumzi moja.

Pato akafumbua macho.

Qamar akasimama mlangoni, mikono kiunoni, mpaka polisi walipokuja.

Hospitali walipambana na Wakoli mpaka nikaishiwa na zaburi. Daktari akaniambia dawa ilikuwa imepakwa pale pa kutia mdomoni, na kwamba mimi nimepona kwa bahati tu. Sikumweleza mambo ya kugeuza. Nilikuwa nimeshika miguu ya mwanangu kuona kama ina joto.

Alipoamka, sauti yake ilitoka kama ya mtu aliye kisimani.

"Mama."

"Niko hapa, baba."

"Pato naye aliamka?"

Nikamfunika miguu vizuri kwa blanketi.

"Aliamka."

Akatabasamu. Wakoli wangu akatabasamu, machozi yakamtoka.

"Asante Mungu. Nilimsikia akianguka. Nikaomba, kama ni mmoja aende, niende mimi. Yeye watoto wake bado wadogo."

Ilibidi nimwambie. Ni mimi mama yake, ningemwachia nani? Nikamshika mkono, nikamweleza polepole, mpaka kwenye ule mkoromo wa pili. Hakulia. Aligeukia ukuta, na chakula cha hospitali kikapoa hapo kando.

Pato yuko ndani, anangoja kesi. Mativo hajapatikana. Mkimwona kijana nadhifu, mkarimu, ana kovu la mviringo nyuma ya mkono wa kulia, chochote atakachowapa msikiweke mdomoni.

Lakini kusema kweli, si yeye anayeninyima usingizi. Mativo alikuwa mgeni, na mgeni ana mlango wa kuingilia, unaweza kuufunga. Sisi tunachunguza wageni mpaka kucha, halafu anayetuita Mama tunamwonyesha mahali ufunguo unapolala.

Kitendawili, wanangu. Nimempikia, nimemwombea, akichelewa namwekea chakula kando, simjui.

Mkipata jibu msiniandikie hapa. Angalieni kwanza mezani kwenu.