Ng'ombe wakishapita, Kache huanza upya

Ng'ombe wa mwisho hajafika mtoni, na Kache Randu keshapiga magoti. Anamwagia maji kidogo shimo la kwato, anajaza udongo, anashindilia kwa mchi wa kutwangia. Kisha anasogea kwenye shimo la pili.

"Leo wamepita wengi," anasema bila kuinua kichwa. "Na yule dume wao ana kwato kama sufuria, alaa!"

Kache, mwenye miaka arobaini na mitatu, ni mfagizi wa shule moja ya wasichana nje kidogo ya mji wa Garsen. Ndiye pia mtunza uwanja na, kwa kuwa hakujitokeza mwingine, kocha wa kriketi. Mshahara wake haufiki shilingi elfu kumi kwa mwezi, na huo ni wa ufagio tu.

Mchezo aliujulia Malindi, alipokuwa akifua nguo nyeupe za klabu moja. "Ukifua doa la nyasi kila wiki, mwisho utauliza huyu mtu huwa anafanya nini huko chini," anasema na kucheka.

Sokoni Garsen hawamwachi apite kimya. "Kocha! Mmefunga mabao mangapi?" humpigia kelele wauza mitumba. Ameshachoka kueleza kwamba kriketi haina mabao.

Kabla ya mafuriko, timu yake ilikuwa ya kutajwa. Kisha mto ukavunja kingo. Familia zikahama, nahodha Stacy akawafuata wazazi wake hadi Chewele, na wasichana waliobaki hawakutimia kumi na mmoja. Kache akazunguka mabweni na mahema ya waliopoteza nyumba, akiomba wachezaji. Amewapata, ingawa wengine bado wanakimbia mpira ukija.

Mrushaji wa kutegemewa anaye mmoja tu: Ikhlas, binti wa mfugaji Jaldesa. Na hapo ndipo penye donda.

Maji yaliikata malka ya zamani, ile njia ya mifugo kwenda kunywa mtoni. Sasa wanapita katikati ya uwanja, juu kabisa ya pichi, ukanda wa udongo mgumu ambapo mpira hudunda. Na kundi linalotangulia ni la Jaldesa.

Jumamosi iliyopita walikuja wageni kutoka Malindi. Mwamuzi akatia vidole kwenye shimo la kwato, akatikisa kichwa. Mechi ikafutwa, wageni wakapewa ushindi. Pichi ikikataliwa tena, timu inatolewa ligini. Mechi inayofuata ya nyumbani ni mwisho wa mwezi.

"Tuweke ua wa miiba, yaishe," anasema mwalimu wa michezo, Nyale Changawa. "Mama Kache anawabembeleza ng'ombe kama wakwe zake."

Jaldesa alipopelekewa habari ya ua, hakugomba. "Ng'ombe hapana soma, mama. Yeye najua maji tu," alimwambia Kache. "Nyinyi nafunga njia, mimi nahama, naenda Nanighi. Mtoto naenda na mimi."

Ua haujawekwa. Badala yake Kache anajenga pichi nyingine nyuma ya jikoni, karibu na vyoo. Ya zamani anaiziba tu ili wasichana wapate pa kufanyia mazoezi. Jaldesa ametoa punda wawili wa kubeba udongo wa vichuguu, ambao ukilowekwa, ukashindiliwa na kupata jua, hushika kama saruji.

"Mpira ukitumbukia chooni, kocha, nani ataufuata?" Mwalimu Nyale anauliza.

"Aliyetaka ua," Kache anamjibu. Wasichana wanaangua kicheko. Mwalimu anachukua jembe.

Lakini wingu limekaa juu ya delta tangu juzi, halishuki wala haliondoki. Mvua ikinyesha, udongo hautakauka kabla ya mechi. Isiponyesha, nyasi zilizobaki zinakwisha, na Jaldesa atahama hata bila ua. Ameshasema.

Kache anataka mechi moja tu ichezwe hapa, Ikhlas akiwemo. Baada ya hiyo, anasema, atakuwa na jibu la kuwapa wa sokoni.

Masomo yakiisha, Ikhlas anakuja na viatu mkononi. Anaukanyaga udongo mbichi wa pichi mpya kwa kidole gumba, kinazama.

"Mama Kache, sasa tuombe inyeshe au isinyeshe?"

Kache anaangalia juu, kisha anampa mchi.

"Shindilia kwanza."