Tulivyomchagulia Kabula Mume

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, pamba ilikuwa imeshavunwa na ng'ombe wanamalizia mabua shambani, kijana mchimbaji kutoka Geita alipofika kwetu Tinde kumposa dada yangu Kabula. Aliitwa Masanja. Alikuja na mjomba wake, wakatoa shikamoo, wakaketi. Suruali yake ilikuwa na vumbi jekundu magotini, macho mekundu, na kila alipozungumza alikohoa kidogo, akaomba radhi.

Baba hakumsikiliza hadi mwisho. Binti wa jirani yetu alikuwa ameolewa na mchimbaji, bwana akahamia machimbo mengine akatokomea, binti akarudi kwao na mimba. Kijiji kizima kilikuwa bado kinalisimulia jambo hilo. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi hata kuumwa hatukuumwa, tulisikia tu kilio cha jirani.

Baba akanigeukia, maana nilikuwa mwanawe mkubwa na niliwahi kufika Geita kuuza mchele.

"Wewe umewaona hao watu. Wakoje?"

Nilichokiona Geita, mwanangu, ni walevi wachache waliokuwa wakipigana nje ya kilabu. Waliokuwa kazini ndani ya maduara, yale mashimo yao ya dhahabu, sikuwaona, kwa sababu mtu aliye shimoni haonekani. Lakini nilijibu kama mtu mzima:

"Wachimbaji ni wale wale, baba."

Masanja alisikia. Akainuka, akaaga kwa adabu, wakaondoka.

Haukupita muda akaja mwingine, mfanyabiashara wa nguo kutoka Ushirombo. Huyu suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi. Alisali kabla ya kula, akamwita baba "mzee wangu" kila alipofungua kinywa. Baba alishatabasamu kabla mshenga hajaanza kusema. Shangazi, dada yake baba, alikuwa kando anapepeta mtama. Yeye peke yake ndiye aliyesita. Wageni walipokwenda kunawa, alisema:

"Kaka, ukienda mnadani kununua fahali unamfungua kinywa, unamtembeza, unauliza mama yake alitoka zizi la nani. Huyu umemtazama suruali tu."

Tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Kabula alikuwa jikoni. Hakuna aliyemwita.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kabula alipoolewa na kufika Ushirombo alimkuta mwanamke mwingine, mke wa siku nyingi, na watoto wake, na mtaa mzima ukijua. Tungemtuma mtu akaulize, angepanda basi asubuhi na jioni angerudi na jibu. Hatukumtuma, kwa sababu mioyoni mwetu jibu tulikuwa nalo tayari.

Na kurudi nyumbani hakuweza. Ng'ombe wa mahari yake walikuwa wameshatoka zizini. Ndio walioniozea mimi mke. Kila nilipokula chakula cha mke wangu, dada yangu alikuwa akilala kwenye chumba cha stoo cha mke mwenzake. Alirudi kwetu mvi zikiwa zimeshamwota, baada ya bwana yule kumfukuza.

Sisemi Masanja angekuwa mume mwema. Pengine angemtesa vilevile. Sijui hata alikoishia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sijui, na sikutaka kujua.

Siku moja tulipokuwa tukibangua karanga, mimi na Kabula, watu wazima sasa, nilimwomba msamaha. Aliendelea na karanga zake. Kisha akasema bila hasira:

"Nilijua ana mke, kaka. Rafiki yangu wa sokoni alikuwa ameniambia. Mbele ya wazee ningeanzaje kusema? Nilikaa jikoni nikingoja mniulize."



Ng'wanawane, mwanangu, akili ya mtu hupenda njia ya mkato. Kisa kimoja kilichotia uchungu hukifanya sheria, na sura nzuri huifanya ushahidi. Siku hizi mnaonyeshana kwenye simu kijana aliyepata dhahabu kule Bugarama akajenga nyumba, nanyi mnataka kufunga mizigo. Waliorudi mikono mitupu nani atawapiga picha? Jibu likikujia upesi na tamu, lishuku. Jiulize ni nani hujamwona, na ni nani anajua lakini hana nafasi ya kusema, halafu uende ukamwite. Kuuliza si ujinga. Mimi nilijifunza hilo kwa maisha ya mtu mwingine, na deni la namna hiyo halilipiki.

Mungu akupe jicho la kutazama mara ya pili na ulimi usioona haya kuuliza. Nyumba yako iwe nyumba ambayo hata aliye jikoni anasikilizwa.