Siku Niliyong'oa Dirisha Ili Nifute Umande

Nitawasimulia, lakini nyie mkicheka msizidishe, maana mpaka leo nikimwona katekista wetu sokoni naingia duka lolote lililo karibu, hata la vipuri vya pikipiki.

Sisi tunakaa Nsemulwa, kando ya barabara ya malori, ndiyo maana mume wangu Masanja alipojenga aliweka sebuleni dirisha la vioo viwili, yaani kimoja huku, kingine kule, katikati hewa tu, ili makelele na vumbi vibaki nje. Mwanzoni lilipendeza mno. Masika ya pili ukungu ukaingia humo katikati. Unafuta kwa ndani, upo, unatoka nje unafuta, upo, matone yanakutazama tu.

Siku hiyo jumuiya inasali kwetu. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia kutoka Kasansa, akaliangalia dirisha, akaniambia kwa upole (upole wake ndio unaouma), "Mayu, mama yangu, wageni wataona dirisha halijaoshwa."

"Mama, ni umande, uko katikati."

"Katikati ya nini? Kioo si ni kioo?"

Hapo ndipo akili ikaniruka. Nikasema natoa ule mpira wa pembeni kwa kisu cha jikoni, natenganisha vioo, nafuta, narudishia, wageni hawajafika. Nikapanda stuli. Mpira ukatoka wote bila shida, nikajisifu, nikabandua na vipande vya alumini vinavyobana, na papo hapo kioo kizima kikainamia kwangu.

Nilikipokea kwa viganja na paji la uso. Sikujua vioo viwili vina uzito ule! Nikikisukuma hakirudi, nikitaka kushuka kinanifuata. Nikaita, "Mama! Mama njoo!" Kumbe ametoka kupokea wageni, nawasikia wanaingia uani na wimbo na ngoma, na kila nikipiga kelele wao wanapandisha sauti.

Halafu nikasikia kitu kinaburuzika sakafuni. Neema, binti yangu, ndiyo kwanza anajifunza kusimama, anatambaa kuja kwangu huku anacheka.

"Neema, rudi! Rudi, mama!"

Akadhani namchezea. Akafika kwenye stuli, akashika kitenge changu, akajivuta asimame. Jasho linaniingia machoni, na ukingo wa kioo upo sawasawa juu ya utosi wa mwanangu. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo sijawahi kuyasikia kwenye ibada yoyote. Kitenge kikalegea. Kikaanguka chote.

Wageni nao wakawa wamefika mbele ya dirisha. Wimbo ukakatika. Ndani ya kitenge nilivaa bukta ya Masanja, ile kuukuu iliyotoboka (nisingeivaa kama ningejua), na ule ukungu niliokuwa naulaani haukuficha kitu.

"Mtoto!" nikalia. "Mtoeni mtoto!"

Jirani yangu Mama Zawadi aliingia mbio, akamnyakua Neema. Nyuma yake katekista, macho amefumba kwa heshima, anapapasa hewa kwa mikono miwili.

"Baba, fumbua macho, utanisukuma!"

Akafumbua, maskini, wakakipokea kioo yeye na mwenyekiti wa jumuiya. Wakati wanakilaza, kona ikagusa sakafu, kikapasuka chote kwa mlio ulionifanya nikae chini na bukta yangu. Vipande vilitapakaa mpaka pale Neema alipokuwa amesimama. Nikavitazama, nikamnyooshea Mama Zawadi mikono anipe mwanangu.

Tulisali hivyo hivyo, upepo unaingia, malori yananguruma, hakuna anayenitazama. Mama mkwe alinifunika khanga yake mwenyewe. Akaninong'oneza, "Ningenyamaza mie."

Baadaye fundi alimwambia Masanja kwamba vile vioo vinabanwa pamoja kiwandani, unyevu ukishaingia hakuna kufuta, unabadilisha kioo kizima. Sasa dirisha la chumbani nalo limeanza ukungu. Nimesogeza kitanda cha Neema mpaka ukuta wa pili, na kisu sikipeleki huko. Mgeni akiniuliza mbona dirisha langu chafu, namwambia ndiyo, ni chafu kweli, karibu chai.