Simu Isiyojua Kuamkia

Mimi hasira zangu ziko karibu, na kazi niliyoichagua ndiyo inazidi kuzisogeza. Natengeneza programu za simu. Wakati ule nilikuwa nimepanga chumba katikati ya mji wa Tabora, juu ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja, kwa sababu pale mtandao haunisumbui sana. Mama yangu alikuwa Cheyo, mtaa wa pembeni ya mji, kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu baba. Macho yake yalikuwa yamekwenda. Presha ya macho ilianza na jicho moja, tukachelewa, ikamaliza yote mawili.

Kiangazi kilipoanza, mama aliteleza uani akitoka bafuni. Wapangaji wake wanatoka alfajiri na kurudi jioni, basi alikaa chini pale pale, mguu umevimba, mpaka jua likazama. Simu alikuwa nayo kwenye pindo la khanga. Ilikuwa kitochi, ile simu ndogo ya vibonye. Lakini vidole vyake vimekufa ganzi kwa sukari, kwa hiyo kila alipotafuta namba yangu aliangukia kwa watu asiowajua. Mmoja alimtukana.

Kaka yangu yuko Dar es Salaam. Aliposikia, akasema imetosha, anakuja kumchukua. Mama akasema, "Dar nikafanye nini? Nikaanikwe ghorofani kama nguo?" Nyumba ile anaijua kwa miguu. Anajua mlango gani unalia, jiko liko wapi, ukuta unakata kona wapi. Kumtoa pale ni kumpofusha mara ya pili, na mimi wazo hilo lilininyima raha kabisa. Nikamwomba kaka asubiri mpaka likizo yake. Nikamwambia nitatengeneza kitu cha kumwezesha mama kuita watu kwa sauti. Akacheka. "Haya, fundi. Nikifika halafu kitu hakifanyi kazi, naondoka naye."

Kitu chenyewe hakikuwa kigumu, au ndivyo nilivyodhani. Nilimnunulia simu janja. Ukishikilia kitufe cha ubavuni, msaidizi wa sauti anaamka na kutoa mlio mdogo, kisha anasikiliza. Mama aseme tu "niitie watu," na programu yangu itanipigia mimi pamoja na fundi cherehani wa nyumba ya mbele, mzee wa Kiislamu aliyezaliwa mtaa ule ule. Kitufe nikakigandishia ushanga ili kidole chake kikipate bila shida.

Nilimfundisha sebuleni kwake. "Shikilia, mama. Haya, sema." Akasema. Simu yangu ikaita, na ng'ambo ya barabara simu ya fundi ikaita. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Nikarudi mjini. Kesho yake nikamwambia fundi amkumbushe mama kujaribu. Nikangoja. Kimya. Nikafungua kumbukumbu za programu kwenye kompyuta: kitufe kimeshikiliwa, msaidizi ameamka, amesikiliza, hakusikia kitu, amefunga. Akajaribu tena, ikawa vile vile.

Nikapanda bodaboda hadi Cheyo. "Jaribu, mama." Akajaribu, ikafanya kazi! Nikarudi mjini, ikakataa. Jamani, nilitaka kulia. Hitilafu inayojificha ukiwapo na kutokea ukiondoka ndiyo inayowatia wazimu watu wa kazi yangu. Nikaanza kushuku kila kitu. Nikabadili lugha ya msaidizi. Nikakagua ruhusa ya kipaza sauti. Nikazima ile huduma ya kubana chaji inayoua programu zikikaa bila kutumika. Nikahakikisha haidai simu ifunguliwe kwanza. Nikaifuta ile amri ya "niitie watu" nikaisajili upya. Mwisho nikaipeleka simu sokoni, fundi simu akabadilisha hata kipaza sauti, huku akiniapia kwamba kile cha zamani kilikuwa kizima.

Haikusaidia. Kaka naye kila jioni, "Vipi, fundi?" Nilikuwa naisikia sauti yake mpaka kwenye chakula. Nikawa namjibu ovyo kila mtu, hata mwenye duka pale chini aliyeniuliza tu kama naumwa.

Basi nikafanya kitu cha aibu. Siku moja asubuhi nilimuaga mama vizuri, nikamwambia nikifika barabarani ajaribu. Nikafungua mlango nikaufunga, lakini mimi nikabaki ndani, viatu mkononi, nimejibanza ukutani, nabana pumzi. Mama akachukua simu. Kidole kikapapasa ushanga, kikashikilia. Mlio ukatoka. Mama akainua kidevu, akatulia. Hakufungua mdomo. Akakaa vile, uso umeanza kununa, mpaka simu ikajifunga yenyewe.

"Ona hili!" akasema. "Halina hata adabu."

"Mama!" Nilishindwa kuvumilia. "Mbona husemi?"

Aliruka kidogo. "Ala! Kumbe umo?"

"Nimo. Mbona husemi?"

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Liniamkie. Linaamka, linalia kidogo, halafu linanyamaza. Mimi na uzee huu ndiye nilianze? Niliamkie mimi?"

"Na mimi nikiwapo mbona unasema?"

"Ukiwapo wewe umeshaniamkia. Halafu unaniambia niseme, nasema."

Kwetu Unyamwezi mkubwa hamwanzi mdogo. Mtoto akiingia akakaa kimya, mkubwa naye atakaa kimya, hata kama nyumba inaungua nadhani. Sauti ya msaidizi yule ni ya binti, tena binti mdogo. Nilijaribu kumweleza mama kwamba ni mashine. Akasema mashine zinazosema nazo zifundishwe.

Msaidizi wa watu siwezi kumfundisha, lakini simu inakuruhusu kuchagua ni programu gani iitike kitufe kile. Nikaichagua ya kwangu, nikarekodi sauti yangu mwenyewe ikisema "Shikamoo mama," kisha ndipo isikilize. Mama akashikilia ushanga. "Shikamoo mama." Akaitikia, uso umechanua, "Marahaba, mwanangu!" Na programu ikajibu kwamba haikuelewa ombi hilo. Loo! Mama akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nikakaa kwenye mkeka wake na kompyuta yangu, nikaifundisha kwamba marahaba si ombi, itulie, impe nafasi. Kisha nikagundua baada ya marahaba anauliza hujambo, halafu habari za kazi, halafu kama mvua imenyesha mjini. Kila hatua niliongeza subira.

Kaka aliposikia alifoka. "Mtu ameanguka, wewe unamwekea shikamoo? Kila sekunde ina maana!"

"Hiyo unayoitaka wewe, isiyoamkia, anaikalia kimya mpaka giza liingie!" nami nikafoka. Nikakata simu. Lakini moyoni niliogopa kwamba ana haki. Akilini nilimwona mama chini pale uani, damu inamtoka, anamuuliza mtu wa ndani ya simu habari za mvua.

Hata hivyo ilifanya kazi. Mara mbili alijaribu akiwa peke yake, na mara zote mbili fundi alifika mbio, futi ya kupimia ikiwa shingoni. Kaka akapanda treni. Nikaanza kupumua.

Siku ile ya Ijumaa, kaka yuko njiani, nilikuwa mjini na kumbukumbu za programu ziko wazi mbele yangu. Kitufe kimeshikiliwa. Shikamoo imetoka. Marahaba imesikika. Baada ya hapo hakuna kitu. Nikasema labda amebonyeza kwa bahati mbaya. Baada ya muda ikawa tena: marahaba, kisha kimya. Na tena. Jasho likanitoka. Nikajiambia ameanguka, ana nguvu ya kuitikia tu, ya kuomba hana, na subira zangu zote zile zinamngoja huku anakata roho. Nikampigia, hapokei. Nikampigia fundi, simu imezimwa, yuko msikitini.

Bodaboda aliyenichukua nilimpigia kelele njia nzima. Tulikatiza katikati ya baiskeli za watu wanaotoka sokoni, nikawa nasema moyoni, Mungu wangu, nisimkute mama yangu vibaya. Nilifika, nikasukuma mlango, nikaingia na viatu.

Mama alikuwa ameketi mkekani, ungo mapajani, anachambua maharage kwa vidole. Simu iko kando yake.

"Umeanguka? Unaumwa wapi? Kwa nini husemi unachotaka? Nakupigia hupokei!"

"Taratibu, utanimwagia maharage. Ilikuwa inalia tu, kile cha kupokelea sikukipata. Sitaki kitu mimi."

"Sasa unaishikilia ya nini, mama? Umenitoa roho!"

Vidole vyake vikasimama juu ya ungo. "Naamkiwa," akasema. "Wapangaji wanatoka kungali giza. Fundi yuko na cherehani yake. Basi nikibonyeza hapa, unaniamkia, naitikia, naendelea na kazi yangu. Ni vibaya?"

Nilikuwa nimezisoma kumbukumbu zile mstari kwa mstari, nikaona hitilafu tu.

"Na wewe," akasema polepole, bila ukali wowote, "umeingia hapa unanifokea, hujaniamkia."

Nikavua viatu, nikapiga goti mkekani, nikasema shikamoo. Akanyoosha mkono, akaupata uso wangu, akausikia umelowa. Hakuharakisha. Aliitikia, akaniuliza hujambo, habari za kazi, kama mjini kuna jua kali. Nikamjibu yote.

Kaka alipiga akiwa njiani, mtandao unakatika katika. "Niambie ukweli. Kitu chako kinafanya kazi, hakifanyi?"

"Kinafanya," nikamwambia. "Njoo umsalimie mama, lakini haondoki. Nahamia Cheyo."

Mama, maharage mkononi, akasema chumba cha mbele kinavuja. Nikamwambia nitakuja na ndoo.