Ishara ya Boya la Muleba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya mitambo ya maji mjini Bukoba, Msimamizi wa Mitambo hakunikabidhi bisibisi wala spana. Alinikalisha mbele ya kompyuta. "Pampu iko Muleba, wewe uko hapa," alisema. "Kabla hujaigusa, iulize hali yake." Nilidhani ananitania.

Kila pampu ilikuwa na kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi, imefungiwa ndani ya sanduku la chuma. Sisi tuliifikia kwa mtandao wa simu, kupitia programu ya kutafutia hitilafu tuliyoiita dibaga. Ukiuliza hali, jibu lilikuwa moja kati ya haya: programu ya pampu inaendelea na kazi, imemaliza yenyewe, imeuawa, au imesimamishwa tu na bado iko hai. Vijana wengi huona programu imenyamaza wakakimbilia kuiwasha upya. Hilo huniudhi hadi leo.

Jambo la pili lilikuwa ishara, yaani ujumbe mfupi wa kuishtua programu. Boya la tangi likishuka, ishara hutumwa: maji yamepungua, washa pampu. Lakini dibaga ikiwa imeunganishwa, ishara hupita kwake kwanza, programu ikisimama kungoja, na ni wewe unayeiagiza iifikishe au iizuie. Wakati wa majaribio tuliizuia. Majaribio yakiisha, unaondoa zuio. Ni kama mtu aliyepewa salamu za msiba azipeleke kwa jirani; hawezi kukaa nazo nyumbani kwake.

Miaka ilipita. Msimamizi yule alistaafu, akaja Mkuu wa Idara, mhandisi hodari lakini mwenye haraka. Asubuhi moja Ma Koku, mwangalizi wa pampu ya Muleba, akapiga simu, akianza na 'waitu' yake, yaani ndugu yetu kwa Kihaya.

"Waitu, pampu imenyamaza tangu alfajiri. Tangi limebaki na maji ya magotini, na hospitali wameniambia wana mama yuko chumba cha upasuaji."

"Washa upya," Mkuu wa Idara aliniamuru.

Nilishtuka, maana mtambo ule ukiwashwa upya huanza kwa kusafisha bomba, na maji ya kusafishia hutoka katika tangi lilelile. Yale ya magotini yangemwagika yote.

"Mkuu, niulize hali kwanza."

"Mgonjwa yuko mezani, wewe unauliza hali?"

"Ndiyo sababu nauliza."

Nikauliza. Jibu likaja: imesimamishwa, iko hai, ishara ya boya imepokelewa. Nikatazama mipangilio. Mwenzetu aliyefanya majaribio jana yake aliondoka bila kuondoa zuio, na ishara ilikuwa imekwama kwetu Bukoba. Kuiruhusu programu iendelee hivihivi kusingefaa, kwani ingeendelea bila kujua kwamba maji ya tangi yameshuka. Niliondoa zuio, kisha nikaiagiza iendelee pamoja na ishara yake.

Tukasubiri, simu ikiwa mezani.

"Waitu," Ma Koku akasema hatimaye, "inanguruma. Maji yanapanda."

Mkuu wa Idara alivuta kiti akaketi karibu yangu. "Nionyeshe ulichokiangalia," alisema. Nilimwonyesha, na tangu hapo tulielewana sana.

Sasa nimestaafu, niko kijijini Kaagya na migomba na kahawa yangu. Vijana hunipigia wakikwama, nami nawauliza kama wameshaona hali. Wakinyamaza, najua hawajaiona, nawakaripia kidogo.

Nimefunga mitambo mingi, lakini ninayojivunia zaidi ni asubuhi ile. Wauguzi wa Muleba hawakujua chochote. Walifungua bomba, maji yakatoka, wakanawa mikono na kurudi kwa mgonjwa wao.