Kichuma Chekundu

Wifi yangu alikuwa dobi, na mikono yake ndiyo iliyotulisha sote tangu kaka yangu alipofariki. Mtaani walimwita Mama Povu. Akishasuuza nguo, aliiburuta kati ya gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Ikiteleza, bado ina sabuni, inarudi majini. Ikikwama, imetakata. Hakuwahi kukosea. Mimi kazi yangu ilikuwa kukamua, kuanika na kulalamika.

Ndipo ikaingia mashine, ya kwanza mtaani kwetu: pipa jeupe lenye miguu minne, la kuzungusha nguo kwa umeme, na juu yake roli mbili za mpira za kukamulia. Unaziwekea ncha ya nguo, zinaivuta, inatokea upande wa pili bapa, karibu kavu. Majirani walijaa uani kutazama. Mimi sikuipenda tangu siku ile. Kifungo cha shati kilipita mle kikatoka vipande viwili, na roli hazikusita hata kidogo.

Fundi aliyeileta alituonyesha kichuma chekundu juu ya roli. "Mkiona hatari, pigeni hapa, zinaachana papo hapo. Msikichezee hiki, mama zangu."

"Mikono hii ilikuwa inafua wewe hujazaliwa, mwanangu," wifi akamjibu.

Sikio la kufa halisikii dawa. Blanketi nene likiingia, kichuma kilifyatuka chenyewe, roli zikaachana, blanketi likabaki linachuruzika. Siku ya nne wifi alichoka. Akachana ukanda wa shuka kuukuu, akanipa.

"Nifungie hicho, wifi. Wewe ndiye mwenye mafundo."

"Na fundi je?"

"Kwani fundi anafua? Kaza!"

Nikakaza. Nilijisifu, Mungu anisamehe, kwamba fundo langu hata fahali hang'oi.

Mablanketi yakapita wiki mbili nzima. Kila siku niliona vidole vyake vikizidi kuzisogelea roli, nami nikanyamaza, kwa sababu tulikuwa tunamaliza kazi mapema. Mazoea yana taabu.

Jumanne asubuhi ilikuwa foronya tu, nyepesi. Pembe yake ilijiviringisha kwenye gumba la wifi, roli zikaivuta, zikamvuta na yeye. Hakupiga kelele. Alisema, "Wifi, fungua," kama mtu anayeomba chumvi. Nililivamia fundo. Lilikuwa limelowa, limekaza, na kucha zangu zikakatika juu yake. Roli zilipita kiganja, zikapanda kuelekea kwenye kiwiko. Hapo ndipo alipopiga ukelele, na hapo ndipo nilipokumbuka waya wa umeme nikaung'oa ukutani.

Fundi alikuja kuichukua mashine yake. Akaukuta ule ukanda.

"Nani alikifunga hiki?"

Wifi alikuwa ameketi kwenye kigoda, bandeji hadi begani. "Mimi," alisema. Hakunitazama.

Siku hizi nafua mimi, kwenye karai. Nikisuuza nampelekea, naye kwa mazoea huiburuta nguo kwa vidole vile vile vya kulia, ambavyo havihisi tena chochote.

"Imekwama?" huniuliza.

"Imekwama, wifi."

Kisha naipima mwenyewe akigeuka, na mara nyingi inateleza, nairudisha majini kimyakimya. Lile fundo hajalitaja hata siku moja. Laiti angenitukana.